Daftari Juu ya Friji

Kazini kwetu kuna msemo ambao nimeurudia mpaka wenzangu wakaanza kunikwepa kwenye foleni ya chai: jambo ambalo halijaandikwa halijafanyika. Mimi ni afisa wa ubora katika kiwanda kidogo cha maziwa, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Napima maziwa, nakagua matangi, na nasoma fomu zilizojazwa na watu wengine. Kwa hilo la mwisho najulikana. Ukinipa fomu ya joto la tangi ya wiki nzima, nikiitupia jicho mara moja tu nitakwambia kama ilijazwa na mtu aliyesimama mbele ya kipimo au na mtu aliyekaa kitako Ijumaa na andazi mkononi. Namba za uongo huwa nadhifu mno. Wino ni uleule kuanzia Jumatatu, mwandiko haujayumba, na tangi halijapata joto wala baridi siku hata moja. Kuna karani niliyemrudisha nyumbani siku mbili kwa kosa hilo, na jioni yake nilitembea kuelekea kwenye gari kama mtu aliyeshinda uchaguzi wa wadi.

Natanguliza haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyechezewa miezi minne na daftari la shule la kurasa tisini na sita.

Binti yangu alikuwa na miezi kumi msichana aliyekuwa akimlea alipoondoka kwenda kusomea ususi. Baba yake anafanya kazi Lodwar, huja mwisho wa mwezi akiwa amechoka na amejaa vumbi, kwa hiyo mambo ya yaya ni yangu. Mama mmoja wa kanisani akaniletea mwanamke wa makamo kutoka Chepsaita, aliyekuwa amelea watoto wake sita na wajukuu wasiopungua wanne. Alikaa kwenye kochi langu akiwa amefunga leso kiunoni, mkoba wa kahawia miguuni, akanitazama. Nami, badala ya kumpa mtoto ashike nione atakavyomshika, nilitoa karatasi ya maswali.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" nikamuuliza. Naapa nilimuuliza hivyo.

Akafikiri. "Kwangu nyumbani."

Nikaandika jibu hilo. Nilimpa kazi, lakini sikumpa kwa sababu ya majibu yake. Wakati nikiandika, binti yangu alikuwa ametambaa mwenyewe mpaka kwenye ule mkoba, akashika leso ya yule mama, akajivuta akasimama. Mama huyo aliteremsha tu mkono mmoja ukawa nyuma ya mgongo wa mtoto, bila hata kutazama.

Shida ilianza siku ya kwanza ya kazi. Mimi nimelelewa kule upande wa ziwa, na nyumbani kwetu mtu wa umri wa mama yako haamriwi. Unamwomba, tena ukitazama sakafu. Nitamwambiaje asimpe mtoto chai? Nitamwambiaje anawe mikono? Nilimwita Mama kwa sababu ya umri wake, naye aliniita Mama kwa sababu ya mtoto wangu, tukawa nyumba ya akina Mama wawili wanaopishana jikoni kwa adabu nyingi na maneno machache. Mdomo uliponishinda, nikakimbilia karatasi. Nilichapa kanuni kumi na moja kazini, nikazitia plastiki, nikazibandika kwenye mlango wa friji. Ya saba niliipigia mstari: maziwa ya pakiti yasichemshwe tena. Hiyo ilihusu heshima ya kiwanda.

Kisha nikaleta daftari. Nilikuwa nimelichora safu kwa rula: saa, chakula, usingizi, nepi, maoni. Yaya akaligeuza, akalitazama na nyuma.

"Nani atasoma?"

"Mimi, Mama. Jioni nikifika."

"Na jioni mimi nitakuwa wapi?"

"Hapa."

"Basi si nitakwambia."

Nikacheka kile kicheko cha upole cha mtu aliyeenda semina. Nikamweleza kuwa binadamu husahau, lakini maandishi hayasahau. Akaitikia kwa kichwa. Hangenikatalia, kwa sababu ile ile iliyonifanya nisiweze kumwamuru: adabu. Aliweka daftari juu ya friji, kalamu pembeni, na kuanzia siku hiyo likajazwa bila kukosa.

Lo, daftari lile! Mwandiko wa shule ya msingi ya zamani, herufi zimelala upande mmoja kwa utaratibu. Saa mbili, uji kikombe kizima. Saa nne mpaka tano na nusu, amelala. Saa saba, ugali laini na mboga. Saa kumi, ndizi na maziwa. Maoni: Hakuna shida. Kila siku ya Mungu, hakuna shida. Nilikuwa nikiingia mlangoni naenda moja kwa moja kwenye friji, nasoma nikiwa bado na viatu, natikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo nambeba mtoto, ndipo nasema, "Habari ya kutwa, Mama?" Naye hujibu, "Mzuri." Atajibu nini tena, na kila kitu nimeshasoma?

Sikuishia hapo. Nilipiga picha ukurasa mmoja nikawaonyesha makarani kazini. "Huyu ni mama wa kijijini," nikawaambia. "Hajasomea chochote. Tazameni nidhamu." Makarani walitazama picha ile muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mmoja wao, yule wa siku mbili, akatabasamu. Nilidhani ametiwa moyo.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, msimu wa mvua, barabara yetu ya Kapsoya imegeuka uji. Asubuhi niliondoka mbio kama kawaida. Mtoto alinililia mlangoni, nikamnyamazisha kama nilivyoweza, nikaenda. Kwenye saa sita hivi simu ikalia.

"Mama, mtoto anatapika. Kuja."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka yaya akiwa langoni na mtoto begani, leso yake imeloa, na mtoto amelegea kwa namna ambayo mpaka leo sipendi kuifikiria. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimnyakua, nikamfunga kwenye kiti chake garini, nikarudi ndani mbio. Unajua nilirudi kuchukua nini? Daftari.

Yaya alikuwa tayari amevaa kiatu kimoja. "Ngoja nivae, twende."

"Baki, Mama," nikamwambia. "Kila kitu nimebeba."

Nikamwacha langoni na kiatu kimoja mkononi.

Kwenye kliniki mjini tuliingizwa haraka. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alimgusa mtoto tumbo, akamvuta ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaiangalia ikirudi polepole. Nikaona uso wake umebadilika kidogo. Akaniuliza amekula nini leo, ameanza kutapika saa ngapi, ametapika mara ngapi, na mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini.

Hapo nilijisikia vizuri. Ni aibu kusema, mtoto wangu akiwa amelala pale kama kitambaa, lakini nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya daktari huyu, nilifikiri, amekutana na mzazi aliyejiandaa. Nikafungua daftari na kusoma kwa sauti ya mahakamani.

"Saa mbili, uji kikombe kizima, amemaliza. Saa nne mpaka tano na nusu, amelala. Saa saba, ugali laini, mboga na yai. Saa kumi, ndizi moja na maziwa, amefurahi. Hakuna shida."

Daktari akatazama saa ya ukutani. Mimi pia nikaitazama. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

"Hiyo saa kumi ni ya jana, Mama?"

Nikaangalia tarehe. "Ya leo."

"Leo haijafika saa kumi," akasema, taratibu, kama anayeogopa kuniamsha.

Nikafungua ukurasa wa juzi. Nikafungua wa mwezi uliopita. Wino uleule. Mwandiko haujayumba. Mtoto wangu kwa miezi minne alikuwa amelala saa nne kamili na kuamka saa tano na nusu kamili, mvua inyeshe, meno yaote, jirani atoboe ukuta kwa drili. Hata tangi la chuma halina utulivu huo. Kweli nyani haoni kundule. Wale makarani walikuwa wameliona siku ile ile, kwenye simu, kwa sekunde kumi.

Ningekuwa na akili ningempigia yaya kumuuliza maswali ya daktari. Nilipiga, lakini neno la kwanza halikuwa swali.

"Umenidanganya!" nikapiga kelele mle chumbani. "Miezi minne unanidanganya! Unaandika vitu havijafanyika!"

Akajibu kwa sauti ile ile ya kila siku: "Mtoto ako aje?"

Daktari akaninyang'anya simu. Aliichukua kabisa kutoka mkononi mwangu, akaiweka mezani ikiwa kwa sauti ya juu, akasema, "Mama, mimi ni daktari. Nieleze kuhusu mtoto."

Yaya akaeleza. Ningekuwa na daftari lingine ningeandika.

"Ametapika mara sita. Ya kwanza ilikuwa saa nne kasorobo, ilikuwa nyingi. Hii ya mwisho ni kidogo tu, maji maji. Ameharisha mara tatu. Uji nilimpa saa mbili akakataa. Akachukua vijiko mbili, akatema. Huyu si mtoto wa kukataa uji. Nepi ya mkojo ya mwisho ni saa tatu, tangu hapo ni kavu. Nimekuwa nikimpa maji nimeweka sukari na chumvi, kijiko moja, nangoja, kijiko moja, nangoja. Hizo za mwisho zilikaa. Sikio ya kushoto anashika tangu Jumapili, lakini hiyo usijali, ni meno. Mwili ilikuwa moto kidogo saa tano, nikampanguza. Halafu, Daktari, akilia saa hii machozi haitoki. Uangalie hiyo."

Daktari alikuwa akiandika kwa kasi. "Umefanya vizuri sana, Mama. Hayo maji yamesaidia. Na kabla ya uji, asubuhi, alikula kitu gani?"

Hapo simu ikanyamaza.

"Mama?"

"Daktari, mama yake ako hapo?"

"Ako."

"Basi uliza yeye."

Daktari akaniinulia macho. Na mimi, ambaye sekunde chache zilizopita nilikuwa hakimu, nikahisi shingo yote inapata moto. Kumbukumbu ya asubuhi ikaja yote pamoja: mtoto ananililia mlangoni, mimi nimechelewa, nimeshika kikopo nilichokitoa kwenye gari, na yaya kwenye mlango wa jiko amekitazama kikopo, amenitazama, amefungua mdomo akisema, "Mama, hiyo..." nami nikamkata, "Nimechelewa, Mama."

"Yogati," nikasema. "Nilimpa vijiko vichache. Anyamaze."

"Ilikuwa kwenye friji?"

"Ilikuwa kwenye gari."

"Tangu lini?"

"Jana." Nikalifunga daftari. "Jana saa sita mchana. Lakini usiku kulikuwa na baridi." Eldoret ni friji yenyewe, ndivyo nilivyokuwa nimejiambia asubuhi ile.

Daktari akavuta fomu ya kulaza mtoto kwa muda. Akauliza jina, makazi, simu. "Na unafanya kazi gani, Mama?"

"Kwenye kiwanda cha maziwa."

"Idara?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pamoja na viatu. "Ubora," nikasema.

Aliandika. Namshukuru mpaka leo kwa sababu hakuinua uso.

Mtoto aliwekwa maji ya mshipa. Ilipofika saa kumi, ile saa ya ndizi na maziwa na furaha, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda kidogo cha chuma nikitazama tone baada ya tone, na sikuwa nikiogopa tena kuhusu tumbo la mtoto, kwa kuwa daktari alisema amewahiwa. Nilikuwa naogopa kitu kingine. Yule mwanamke alikuwa amesikia nikimwita mwongo mbele ya mtu. Kisha akapewa nafasi ya kuniaibisha mbele ya mtu huyo huyo, akakataa. Mimi kwa nafasi yake ningesema yogati hiyo mara tatu, tena ningetaja na ladha.

Tulirudi nyumbani jua likishuka. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni, amevaa viatu vyote viwili na sweta, mkoba wa kahawia uko karibu na mlango. Nyumba ilikuwa imesafishwa mpaka inang'aa. Hata nguo alizotapikia mtoto zilikuwa zimefuliwa.

Alisimama, akamchukua mtoto kwangu bila kuomba. Akamgusa utosini, akamtazama ndani ya mdomo, akangoja. Mtoto alilia kidogo, na machozi yakatoka. Ndipo akakaa tena.

"Mama, nisamehe," nikasema. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yenye utangulizi. Yote yakapotea.

"Mimi si mwongo," akasema.

"Najua."

"Hiyo kitabu mimi naandika asubuhi, ukiwa bafu. Mtoto amelala, niko na mikono mbili. Mchana sina mkono ya kuandika. Ulitaka kijae, nikajaza. Lakini hakuna siku umeniuliza mtoto ameshindaje nikakudanganya." Alimgeuza mtoto upande wa pili. "Shida ni hujaniuliza. Ukiingia unasalimia friji. Halafu mtoto. Halafu mimi."

Ndivyo ilivyokuwa, hata kwa mpangilio.

"Nitakaa mpaka apone," akasema. "Baadaye tutaona."

Mkoba ulibaki pale mlangoni. Nilifikiri usiku ule utarudishwa chumbani, lakini asubuhi ulikuwa palepale, na kesho yake pia. Kila nilipotoka na kuingia niliuruka. Nilianza kufika nyumbani na kuvua viatu, kisha kukaa kwenye kile kiti cha plastiki na kusema, "Nieleze." Siku ya kwanza alinieleza kwa dakika mbili. Siku ya tatu alinieleza nusu saa. Nikajua kwamba mtoto wangu anaogopa jogoo wa jirani lakini hamwogopi mbwa. Kwamba hulala vizuri tu akifunikwa uso kidogo na ncha ya leso. Kwamba saa nne hajawahi kulala hata siku moja. Hulala saa sita. Yale ya jogoo na leso hayakuwa na safu kwenye daftari, hata kama lingejazwa kwa ukweli.

Mtoto alipona Jumatatu. Jumatano alikuwa anakimbiza kijiko sakafuni. Sasa nikaanza kuuogopa ule mkoba kwelikweli, maana "mpaka apone" ilikuwa imefika, na hakuna aliyeitaja.

Jioni ya Alhamisi, wiki moja kamili, alimaliza kunieleza ya siku, akauliza, "Na wewe? Maziwa ilikuwa aje leo?"

Nilifungua mdomo kusema hakuna shida. Maneno yalikuwa yameshapanga mstari kwenye ulimi. Nikamtazama, naye akanitazama jinsi alivyokitazama kile kikopo cha yogati.

"Mama," nikasema, "kuna kipimo cha joto cha saa kumi. Lazima nisimame hapo saa kumi nisome, niandike. Ijumaa huwa naiandika saa nane, kabla haijafika. Nikimbie foleni ya magari mjini." Nikaongeza: "Si Ijumaa tu."

Nilingoja acheke. Ningependa acheke. Alikuwa na haki ya kucheka mpaka majirani waje. Badala yake alikunja uso, akafikiri, akatazama pakiti mbili nilizokuwa nimeziweka mezani nilipoingia.

"Hiyo maziwa unaandikia," akasema, "ndio hii unatuletea?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nachemshanga. Tangu siku ya kwanza. Naona hiyo namba saba yako kwa friji, na nachemsha." Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayeniambia mahali alipoweka chumvi. "Sijui mwenye aliandika hiyo pakiti. Simjui. Na mtoto namjua."

Mwenye aliandika ile pakiti nilikuwa mimi. Miezi minne nilikuwa nimemchunguza mwanamke huyu kwa rula na safu, na miezi minne yeye, kimya kimya, alikuwa amesimama kati ya mtoto wangu na kazi yangu akiwa na sufuria.

Niliinuka. Nilikwenda jikoni, nikachukua sufuria, nikakata pakiti zote mbili, nikamimina, nikawasha moto. Kanuni zilikuwa palepale kwenye mlango wa friji, plastiki ikimeta. Nyuma yangu nikasikia kiti cha plastiki kikisogea, nyayo zikielekea mlangoni, kwenye ule mkoba. Kisha nikasikia zikirudi, zikipita nyuma yangu kuelekea chumbani, na kitu kizito kikiwekwa chini.

"Mama," akaniita kutoka kule ndani, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia nami hata mara moja, sauti ya mtu anayemwamuru binti yake. "Usitoke hapo. Simama uangalie yasimwagike."

Nikasimama, nikaangalia.